Ngariba Aliyengoja Jua Lipande

Ngariba wetu hakuweza kuchinja kuku. Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu kuanza na mengine mara nne na yote nimeyafuta, na kwa sababu mtu yeyote wa upande wetu akitajiwa Ngariba hulisema hilo kwanza, kisha hucheka. Alikuwa amewatahiri wana wa vijiji saba, baba na baadaye watoto wao, kwa kisu kisichozidi urefu wa kidole. Lakini mgeni akifika na kuku akahitaji kuchinjwa, Ngariba aliondoka kwenda kutazama ng'ombe wasiokuwa na haja ya kutazamwa, na mkewe ndiye aliyezunguka majirani kutafuta mtu wa kuchinja.

"Kuku hajui kwa nini," alisema akitaniwa. "Kijana nimekaa naye siku tatu, nimemweleza kwa nini. Kuku nitamwelezaje?"

Nilipokuwa mdogo jibu hilo lilinitosha. Nilipokua lilianza kunisumbua, maana Ngariba huyo huyo ndiye aliyekuwa akihasi madume ya ng'ombe, na dume la ng'ombe halijui kwa nini kama kuku asivyojua. Siku moja nilimwuliza. Hakukasirika. Alisema madume huyaeleza. Baadaye nilichungulia zizini nikaona ni kweli: wakati wanaume wanne wamelilaza dume chini kwa kamba, yeye alikuwa amepiga magoti kichwani pake, akilinong'oneza sikioni, kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Basi nikaenda nyumbani nikiwaza kwa nini hakuweza kumnong'oneza kuku. Mpaka leo sijapata jibu, nami ni mtu ambaye asipopata jibu halali vizuri.

Yeye alilala vizuri mno. Hilo nalo watu walilicheka. Alikuwa na desturi ya kuwaambia vijana kwamba mwanamume ni yule aliyekuwa macho siku yake, lakini kwenye baraza la wazee, wakishakaa kitambo, kidevu chake kiliangukia kifuani na mkoromo ukaanza. Mzee mwenzake akimgusa kwa fimbo, aliinua kichwa na kusema, "Sikubali," kabla ya kuuliza wanazungumza nini. Mara nyingi ilitokea kwamba lilikuwa jambo lisilostahili kukubaliwa, ndiyo maana waliendelea kumwalika.

Nilimfahamu kwanza kwa mikono. Nina hakika kila mwanamume wa rika langu atasema hivyo hivyo. Kwetu uwandani miezi ya jando ni miezi ya baridi, mavuno yakishaingia ghalani, wakati upepo unapovuka mbuga tangu alfajiri na watoto wanatembea wamejikunyata. Ngariba hakumgusa mtoto kabla ya kuipasha mikono yake joto. Aliiweka juu ya makaa, akaisugua, akaiingiza makwapani, akaongea habari za malisho huku akingoja. Mtu mwenye haraka angedhani ni uvivu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa pale wakitetemeka, nikiwaza kwamba labda amesahau kazi, labda amesinzia, labda ameona kwangu kasoro asiyotaka kuitaja.

Maana kazi yake ya kwanza haikuwa kukata, ilikuwa kukagua. Alikagua kila kijana mara tatu kwa siku tatu, na ukaguzi aliouamini ni ule wa mchana, jua likiwa limepanda na kijana ameshiba. Aliyazungumzia mambo hayo kwa lugha ya ng'ombe, ili kusiwe na aibu. Korodani mbili kwake zilikuwa ndama wawili. Akiridhika aligeuka kwa akina baba waliosimama mbali na kuita, "Ndama wako zizini!" nao wakaitikia. Kama mmoja hayupo, hakuita kitu. Alimwacha kijana arudi kwa wenzake kama wengine, na jioni alipita nyumbani kwao kama mtu aliyekuja kuomba tumbaku, akamchukua baba kando.

Ukweli ni kwamba wapo watoto wanaozaliwa hivyo, korodani moja ikabaki juu kwenye kinena isishuke. Kwa wengi hushuka yenyewe wakiwa wachanga. Kwa wachache hubaki. Wafugaji tulilijua hilo kwa kondoo na mbuzi kabla ya mganga yeyote kutueleza. Ngariba alikuwa na sheria moja tu kwa vijana kama hao: hawaingii jandoni mpaka ndama wa pili arudi. Alidai aliyejificha akisikia kisu kimepita jirani hatashuka tena maisha. Sidhani kama ni kweli, na wakati mwingine nafikiri hata yeye hakuwa na hakika, lakini hakuna aliyewahi kumshinda katika hilo.

Na jando kwetu si jambo la kila mwaka. Ukame ukija, watu hungoja. Kijana aliyekosa zamu yake anaweza kungoja miaka mitatu au minne, kisha akakaa mstari mmoja na watoto aliokuwa akiwabeba mgongoni, na rika lake likawa limekwenda bila yeye. Atawaita wenzake wakubwa zake mpaka uzeeni. Ninaeleza hivi kwa sababu ndilo lililotukuta nyumbani kwetu. Mdogo wangu Ndahani alikuwa na ndama mmoja.

Niliondoka Ugogo kwa miguu nyuma ya msafara, kwenda pwani kwenye shule ya Serikali. Nilirudi kwa gari moshi, nimevaa kanzu nyeupe, najua kusoma, kuandika na kusema Kijerumani, na nimepoteza uwezo wa kuamua jambo bila kuligeuzageuza. Dodoma nilikuta stesheni mahali ambapo palikuwa na miiba. Ngariba aliichukia reli. Alisema inawatisha ng'ombe na kuleta watu wasiojua kusalimia. Hata hivyo, siku za gari moshi hakukosa kuja, akasimama mbali kidogo, amelipa gari mgongo, akingoja lipite ili aweze kusema kwamba hakulitazama.

Nilipangiwa kazi ya ukarani na ukalimani hospitalini, kwa Bwana Mganga wa Kidachi, daktari Mjerumani. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, mkali kwa uchafu na mpole kwa watoto. Wa tatu wetu alikuwa msaidizi wake, Mnyamwezi mmoja mnene aliyechemsha vyombo na kufunga vidonda. Kati ya Wanyamwezi na Wagogo kuna utani tangu enzi za misafara, na yeye aliutumia bila huruma.

Mwaka huo mtama ulikubali na uwele ukakubali, na wazee wakatangaza jando. Bwana Mganga aliposikia, aliomba vijana wote waletwe kwake kwanza, awakague macho, matumbo na mengineyo. Wakaja asubuhi moja mwezi wa Julai, saa moja, wakapangwa kwenye baraza ya hospitali yenye sakafu ya saruji na upepo unaopita kutoka kila upande. Ngariba alikuja nyuma yao, akakaa kwenye ngazi akiwa amejifunika shuka hadi masikioni.

Bwana Mganga alinawa mikono kwa maji ya baridi na kuanza. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa amewatenga vijana wanne, akaniambia niwaandike: hao korodani zao hazijashuka, wote wanahitaji kupasuliwa. Ndahani alikuwa wa nne. Niliandika, la mdogo wangu mwisho.

Ngariba aliwatazama wale wanne, kisha akaanza kucheka ndani ya shuka.

"Karani," aliniita. Hilo ndilo jina alilonipa tangu niliporudi, na hakulisema kwa heshima. "Mwambie Bwana wako mikono yake ni ya baridi kama tumbo la chura."

"Anasema nini mzee?" aliuliza Bwana Mganga.

Niliwaza kuhusu chura. Niliwaza kuhusu kazi yangu. Nikamwambia kwamba mzee anasema asubuhi hii ni ya baridi.

"Hukusema chura," alisema Ngariba.

"Babu, wewe hujui Kijerumani."

"Sijui. Lakini nimekutazama usoni. Mtu anayesema chura hawi na uso huo."

Yule Mnyamwezi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Mgogo bwana!" alisema. "Zamani mlitoza misafara yetu hongo ya kupita kwa kila kisima. Leo unataka kumtoza na Bwana Mganga?"

"Nanyi zamani mlibeba mizigo ya watu," Ngariba akamjibu bila kugeuka. "Basi usipoteze ujuzi. Kabebe sufuria ya maji ya moto uje, Bwana apashe mikono. Na hawa watoto wapewe uji, wakaanikwe juani. Wawili au watatu kati ya hao hawana ugonjwa. Ndama wao wamekimbia baridi tu. Wewe mwenyewe ungekuwa ndama mdogo, na upepo huu, ungejificha wapi?"

Safari hii nilitafsiri yote, hata hongo. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa mdogo wangu alikuwa miongoni mwa wanne. Bwana Mganga alisikiliza hadi mwisho, akatoa saa mfukoni. "Saa sita," alisema. "Tutaona."

Saa sita vijana walikuwa wameshiba uji na wamelala juani kama mijusi. Bwana Mganga akanawa kwa maji ya moto na kukagua tena. Watatu walikuwa wazima kabisa. Aliyebaki ni Ndahani.

Bwana Mganga alikata majina matatu kwa mstari mmoja. Kisha akamwendea Ngariba pale kwenye ngazi, akampa mkono. Ngariba aliushika, akaupindua, akaupima joto, na kusema kwamba sasa ni mkono wa mtu. Tangu siku ile hospitalini kwetu watoto hao hukaguliwa mchana, na anayetaka kuja nao asubuhi huambiwa arudi. Mimi hupenda kukumbuka hiyo saa sita kuliko kumbukumbu zote za kazi yangu. Laiti mambo yangeishia pale.

Bwana Mganga alinieleza, nami nikamweleza baba, kwamba angeweza kumpasua Ndahani kinenani, kuitafuta ile iliyokwama, kuishusha na kuishona mahali pake. Isiposhushwa inaweza kujisokota siku moja na kumletea maumivu makali, au isimpe watoto, na tundu lililobaki juu linaweza kuachia utumbo ukashuka. Nilieleza vizuri. Nilieleza vizuri mno, kwa mifano, mpaka mama akaanza kulia.

"Wanawafanya maksai," alisema. "Si ndivyo? Ng'ombe hawajawatosha, sasa wanataka watoto wetu wawe maksai wa kuvuta reli yao."

Neno hilo la maksai lilikuwa limeenea kijiji kizima kufikia jioni, na watoto wenzake walianza kumlilia Ndahani kama ng'ombe alipopita. Alikuwa na miaka kama kumi na moja. Hakurudisha tusi. Alikuja kukaa karibu nami akasema, "Kaka, jando ni lini?" ingawa alijua siku kuliko mimi.

Kesho yake Ngariba akaja kwetu kuomba tumbaku. Alikaa muda mrefu akizungumza habari za beberu moja alilokuwa nalo zamani, lililokuwa na ndama mmoja tu zizini, na alivyolitunza akitumaini, na jinsi lilivyokuwa likipiga watu pembe na kuzalisha kwa shida, mpaka siku moja lilianguka likajinyonganyonga na kufa kwa maumivu ya tumbo la chini. Alilipasua kutazama. "Nilikikuta kile cha pili huko juu," alisema, "kimesokotwa kama kamba, cheusi. Mimi kisu changu hakijui njia ya kwenda huko. Cha yule kijana wa Kidachi labda kinajua. Mpelekeni."

Mama aliacha kulia kumsikiliza. Mtu anayehasi madume ya kijiji kizima akisema hili si kuhasi, nani atabisha?

"Lakini nina sharti," Ngariba aliendelea, akanigeukia. "Karani, umwambie Bwana wako. Yeye ashushe kilichokwama. Hicho ni chake. Kinachobaki ni changu. Nasikia anawapa watu dawa ya kulala. Mtoto alale kwa kazi ya Bwana. Kwa kazi yangu atakuwa macho. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Nilisikia kweli. Nilikaa siku nne nikitafuta namna ya kulisema kwa Kijerumani bila Bwana Mganga kuona kwamba tunamwekea mpaka. Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine. Asubuhi ya upasuaji bado nilikuwa sijaisema. Nilijiambia kwamba si lazima, maana nani amemwomba atahiri?

Ngariba hakuruhusiwa kuingia chumbani kwa sababu ya vumbi na mafuta aliyojipaka. Alikaa na baba na mama chini ya ukuta, nje. Mimi niliingia, nikafungwa kitambaa mdomoni, nikasimama kichwani kwa Ndahani kumwambia ahesabu. Alifika saba akalala. Sitaeleza mengine yaliyofuata ndani ya ile saa, ila kwamba Bwana Mganga aliipata aliyokuwa akiitafuta, nzima, ndogo, na akaishusha. Alitabasamu nyuma ya kitambaa. Na ndipo, sindano ikiwa bado mkononi, akaniuliza:

"Amelala. Nimtahiri pia? Dakika chache tu, naye hatapita kwenye kile kisu cha mzee. Wewe ni kaka yake. Sema."

Wiki moja kabla nilikuwa nimeshika taa wakati akimfunga bandeji kijana wa kambi nyingine ya jando, siyo ya Ngariba wetu, ambaye kidonda chake kilikuwa kimeoza. Harufu ile ilikuwa bado puani mwangu. Mimi ninayefikiri kuhusu rangi ya wino kabla ya kuandika barua, nilijibu mara moja. Nikasema ndiyo.

Walipomtoa, akiwa bado usingizini, Ngariba alisimama na kutazama. Aliona bandeji ya kinenani, akaiona na nyingine. Alimpita baba. Alinijia taratibu.

"Nani alisema ndiyo?"

"Babu, Bwana Mganga aliona kwamba..."

"Sikukuuliza alichoona."

"Kuna kijana mmoja, kidonda chake kilikuwa..."

"Karani. Nani alisema ndiyo?"

"Mimi."

"Yeye aliulizwa?"

"Alikuwa amelala, Babu."

Alijifunika shuka lake na kwenda zake, akipita njia ya stesheni, siku ambayo haikuwa ya gari moshi.

Kwa siku nyingi hakuitikia salamu yangu. Nilimwamkia "Mbukwenyi" kila nilipomwona, mara moja nilimwamkia mara tatu mfululizo mpaka watu wakageuka, naye akapita akitazama ng'ombe. Nyumbani kidonda cha Ndahani kilipona vizuri, korodani ikabaki mahali pake, na Bwana Mganga alifurahi akaniandikisha habari yake yote kwenye daftari. Lakini hakuna aliyejua kama Ngariba angempokea. Kwa desturi, aliyekatwa nje ya jando ni mtu wa kando. Hali na wenzake, hafundishwi nao, hawezi kutaja jina la rika lake kwa sababu hana. Baba alitaka kwenda kumwomba Ngariba, akaogopa atajibiwa mbele za watu. Wenzake Ndahani hawakujua. Wangejua siku ya mstari.

"Kaka," aliniuliza jioni moja tukifungia ndama, "mimi sasa ni wa wapi?"

Nina vyeti viwili vya shule, nami nilifunga lango la zizi mara mbili.

Siku tatu za ukaguzi Ndahani alikwenda, maana hakuna aliyemkataza. Siku ya tatu, mchana, nilisimama na akina baba kule mbali. Ngariba alipasha mikono yake kama kawaida, akapita mtoto kwa mtoto. Alipofika kwa mdogo wangu alikawia. Baba alinishika mkono kwa nguvu. Kisha Ngariba akageuka upande wetu na kuita, "Ndama wako zizini!"

Baba aliitikia kwa sauti iliyomkatika katikati.

Nimewaza mara nyingi kama hapo Ngariba alidanganya. Ndama walikuwa zizini, wote wawili, na hilo tu ndilo alilokuwa akiita siku zote. Mambo mengine hakuyataja, wala hakuulizwa. Lakini alikuwa mtu aliyeamini kwamba kunyamaza kunaweza kuwa uongo, alishanipiga fimbo kwa ajili hiyo nilipokuwa mdogo. Sijui. Najua kwamba hakuna mtu mwingine aliyemfanya avuke mpaka wake, na kwamba aliuvuka kwa makosa yangu.

Siku yenyewe alingoja jua lipande kama ilivyo desturi yake. Vijana walikaa mstari mmoja, miguu mbele, nyuso juu. Nilimwona akimwinamia Ndahani, mgongo wake umetufunika tusione. Niliona damu kidogo ikidondoka mavumbini. Ndahani hakupepesa macho. Wanaume wakapiga kelele, na kilio cha akina mama cha furaha kikatoka kijijini.

Ndahani alinieleza yaliyotokea baada ya miaka, akiwa amekwisha kuwa mrefu kuliko mimi. Anasema Ngariba aliinama sikioni kwake, kama alivyowafanyia wote, lakini kwake alisema maneno mengine.

"Kule hospitali, walikuuliza?"

"Hapana."

"Mimi nakuuliza. Unataka?"

"Nataka."

"Basi kaa macho."

Akamchanja kidogo pembeni, kiasi cha kutoa matone, akaendelea na mwingine. Kambini alimwuguza yeye mwenyewe, hakumwachia mlezi mwingine. Rika lile mpaka leo halijui. Nami ninaliandika hapa kwa ruhusa ya Ndahani. Nilimwuliza. Alicheka akasema, "Kaka, siku hizi unauliza hata kabla ya kukaa kwenye kigoda."

Baada ya jando Ngariba alianza kuitikia salamu yangu. Hakunisamehe kwa maneno, na mimi sikuomba, kila siku nikitunga sentensi na kuifuta. Alikuja hospitalini mara moja moja, mchana, akileta kijana aliyemwona na kasoro, mkono wake begani kwa mtoto. Alikaa kwenye ngazi zile zile akitukanana na Mnyamwezi kuhusu nani alimwibia nani chumvi zamani, mababu zao wote wakiwa wamekwisha kufa. Vicheko vyao nilivisikia kutoka mezani kwangu. Sasa nimehamishiwa mbali, kwenye boma lenye maji mengi na miti mingi, ambako watu hucheka kwa namna nyingine, na mchana jua likipanda hujikuta nikisikiliza.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa miezi michache kabla ya uhamisho. Alikuja na mkewe, akitembea kwa fimbo, mguu mmoja akiuvuta. Mshipa wa ngiri ulikuwa umemshuka kinenani upande wa kushoto, umevimba kiasi kwamba hakuweza kukaa vizuri. Alikuwa ameficha mwaka mzima.

"Leo Mgogo amekuja kulipa hongo," alisema Mnyamwezi, lakini alikuwa tayari amemletea kigoda.

"Nimekuja kuona kama umejifunza kuchemsha maji," alijibu, na jasho lilikuwa likimtoka.

Bwana Mganga alimkagua, akasema lazima apasuliwe, na lazima alazwe usingizi. Ngariba aliomba tubaki wawili tu. Alinitazama kwa macho yale ya kukagua.

"Nitalala," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Mimi nikilala hulala sana, unajua. Bwana akiniuliza neno wakati huo, nani atajibu?"

"Hakuna," nilisema. Sikuwa nimelitunga. "Utajibu ukiamka."

Aliguna, akajilaza.

Nilisimama kichwani kwake. Alihesabu ng'ombe badala ya nambari, kwa majina na rangi, akalala kwenye wa nne. Bwana Mganga alishona upande wa kushoto kwa muda mrefu. Alipokaribia kumaliza aligusa upande wa kulia, akakunja uso.

"Huku nako kumelegea," alisema. "Mwaka mmoja, miwili, kutashuka. Nishone sasa hivi? Amelala, ni mzee, kwa nini ateseke mara mbili?"

Alisema kweli. Kila neno lake lilikuwa na maana. Nilimwangalia Ngariba, mdomo wazi, akikoroma kama barazani.

"Tumwulize," nilisema.

"Amelala!"

"Tutangoja, Bwana."

Alinitazama kwa hasira, kisha kwa uchovu, akafunga uzi.

Ngariba aliamka alasiri, mkewe akimpepea. Alikawia kunitambua.

"Aliniuliza?"

"Alikuuliza. Upande wa kulia nao umelegea. Alitaka ashone hapo hapo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tungoje uamke."

Alifumba macho. Nilidhani amelala tena.

"Kwa hiyo nitalazwa mara ya pili," alisema. "Na kupasuliwa mara ya pili, na kuumia mara ya pili. Kwa ajili yako."

"Ndiyo, Babu."

Mkewe aliacha kupepea, akatutazama wote wawili. Ngariba alivuta pumzi, akajikunja kwa maumivu, kisha uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu niliporudi kutoka pwani hakuniita Karani.

"Mwanangu," alisema, "nenda kamwambie nimekubali."